Soksi za Bwana Oldroyd

Ya kwanza niliinunua kwa mshahara wa Desemba,
nyeusi, nyembamba, na kitaa cha samawati mfano wa jicho la paka.
Wiki tatu nikawa bwana harusi.
Wiki ya nne nikaanza kuitafuta kasoro.

Ya pili ilitoka Leeds. Ya tatu ililetwa na lori,
wanaume wawili wakihema kwenye ngazi zetu za Attercliffe.
Mwanaidi akauliza, "Na hii inajua kuimba nini
ambacho ile haikujua?"
Nikamweleza habari za besi, za nafasi kati ya ala na ala,
za waya mnene kama kidole gumba.
Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuanika nguo.

Siku hizo nilikuwa na santuri mia mbili
na sikusikiliza hata moja.
Nilisikiliza mashine.
Dakika moja ya huu, nusu ya ule,
nainuka, nasogeza spika upana wa ukucha,
nakaa, nainuka.
Azungukaye akionja chumvi ya kila chungu
hulala na njaa.

Halafu Barnsley, Februari, theluji imegeuka tope.
Bi Maureen Oldroyd alifungua mlango na aproni kiunoni.
Mumewe alikuwa fundi umeme wa mgodini; alifariki Agosti.
Juu ya meza ya jikoni, sanduku la chuma rangi ya uji wa ulezi,
valvu nne zimesimama kama chupa za dawa,
na kando, ndani ya soksi za sufu,
valvu nne nyingine za akiba.
"Alizifunga mwenyewe," akasema.
"Hizi za juu zikiungua, tumia hizo, soksi unirudishie."
Bei hakuitaja mpaka nilipomaliza chai.

Usiku ule niliweka santuri ya Tanga, ile yenye mkwaruzo,
bendi ya vijana wa mkonge, mwaka sitini na tisa.
Kwetu husemwa Mjomba Singano alipiga manyanga humo.
Hakuna aliyewahi kumsikia. Tulidhani ni maneno ya matangani,
marehemu hakosi sifa.
Valvu hazina haraka; nikaenda kuosha vyombo.
Niliporudi, mikono inachuruzika,
Mjomba alikuwa amekwisha kuingia,
nyuma ya tarumbeta, kushoto, karibu na ukuta,
chaka, chaka,
amechelewa kwa unywele
kama alivyochelewa harusini kwake,
kama alivyochelewa kumzika babu.

Sikusogeza spika.
Maji yalinidondoka zuliani mpaka upande ukaisha.

Miaka tisa sasa.
Namba ya modeli yake nimeisahau,
na vumbi lililokaa juu lina alama ya bakuli la Mwanaidi,
hutia hamira hapo, unga uumuke kwa joto.
Shekivuli, tuliyekuwa tukibadilishana naye vifaa, bado huja na habari:
imetoka mpya, nyepesi, unaiamrisha kwa simu.
Namwambia kaa, chai hiyo, sikiliza upande wa pili.
Sisemi haina ila. Ina mvumo mdogo
kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi.
Nimeuzoea, kama Mwanaidi alivyozoea kukoroma kwangu.
(Hajakuzoea, anasema.)

Kila Krismasi napiga simu Barnsley.
"Vipi soksi zangu?"
"Bado, mama. Hazijaungua."
Anakaa kimya kidogo, nasikia anavyopumua,
kisha, "Basi kaa nazo mwaka mwingine,"
na nyuma yake, kulia, karibu na dirisha nadhani,
birika linaanza kulia.